Fundi wa Honi Mbili

Fundi mitambo wa bendi yetu hakupenda kelele. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana watu wakisikia kwamba mtu alikaa na bendi ya dansi miaka na miaka, kazi yake kupaza sauti za wengine, wanadhani alikuwa mtu wa makelele. Hapana. Ukigonga sufuria karibu naye alikunja uso kama aliyekanyaga mwiba. Akifunga mlango huusikii. Aliongea chini chini mpaka unamsogelea, na ukishamsogelea ndipo anakwambia jambo la kukuudhi.

Mwenye bendi, yeye alipenda kelele. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe pale Shinyanga mjini, ana baa, na nyuma ya baa ana uwanja wa dansi. Kwake kitu kizuri ni kitu kikubwa: fahali mkubwa, tumbo kubwa, sauti kubwa. Shida ilianzia hapo. Tangu nilipoingia kuimba kwenye bendi ile, miaka ya sabini ikianza, mpaka ilipokufa, haukupita msimu bila mwenye bendi kusema kwamba atauza vyombo vile vikuukuu na Fundi aondoke navyo. Na Fundi hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, wala mke aliyewahi kukaa naye kwa muda wa maana. Alikuwa na vyombo vile tu, navyo havikuwa vyake.

Vyombo vyenyewe nivieleze, maana vijana wa sasa hawajaviona. Kulikuwa na amplifaya moja ya valvu, sanduku la chuma lenye matundu, ndani yake vitaa vya kioo vinavyowaka rangi ya makaa. Ilikula betri ya lori. Kulikuwa na maikrofoni ya chuma, ukimpiga nayo mtu kichwani anakwenda hospitali. Na kulikuwa na honi mbili, tarumbeta kubwa za bati zenye mdomo mpana kama karai. Magitaa, sauti za waimbaji, matangazo, vyote vilipita humo humo, vikatokea kwenye honi zile vimebanwa kidogo puani. Ndivyo dansi lilivyosikika siku hizo, na sisi tuliona ni sawa.

Zamani honi hizo zilikuwa juu ya gari la sinema. Mhindi mwenye sinema alizitumia kutangaza filamu mitaani, na Fundi ndiye aliyekaa ndani ya gari akitangaza. Sinema ilipofungwa, mwenye bendi akanunua vyombo. Fundi hakuajiriwa na mtu. Siku vyombo vilipoletwa alikuja amekaa juu yake kwenye mkokoteni, amevaa tai, akashuka, akajikung'uta, akauliza, "Mnataka tuviweke wapi?" Tukamwonyesha. Akaviweka. Kesho yake akaja tena.

Hiyo tai hakuivua. Sisi waimbaji tulipanda jukwaani na mashati ya maua, vifua wazi, yeye nyuma ya mashine kama karani wa benki, suruali imepigwa pasi, kiatu unajiona uso. Alitembea na gunia safi la kupigia magoti, ili akiinama kuunga nyaya asishike vumbi. Ukilikanyaga gunia hilo, mmekosana wiki nzima.

Na asidhani mtu kwamba alikuwa mnyenyekevu. Alijisifu kupita waimbaji wote, na mambo mengine aliyojisifia alikuwa hajui chochote. Alishikilia kwamba msimu wa pamba sauti haifiki mbali kwa sababu nyuzi za pamba angani zinaimeza. Alisema mbuzi akilia karibu na waya, dansi litaharibika. Alisema mtu aliyekula dagaa akiimbia maikrofoni yake ataivunja, na alikuwa na kikombe cha maji ya chumvi pale pembeni, kila mwimbaji asukutue kabla ya kupanda. Mimi nilikataa. Shule niliishia darasa la pili, ng'ombe wa baba wakaniita, lakini upuuzi naujua nikiusikia. Nikapanda na dagaa wangu mdomoni. Katikati ya ubeti Fundi akanizima. Mimi sikujua, nimefumba macho, naimba kwa uchungu, mpaka nikaona watu wa mbele wameshika mbavu. Nilipogeuka, alinionyesha kikombe kwa kidole. Kuanzia siku hiyo nilisukutua.

Mashine ile haikuwaka papo hapo. Ilibidi ipate moto kwanza, vitaa vianze kuwa vyekundu ndipo sauti itoke. Yeye hakusema ipate moto, alisema iamke. Alivuta kiti, akakunja nne, akangoja. Safari moja katibu wa chama alikuja na msafara wake kuhutubia kwenye uwanja wetu, akashika maikrofoni, akasema "Ndugu wananchi," pakawa kimya. Akarudia, kimya. Walinzi wakaanza kumtazama Fundi vibaya. Fundi akainuka, akamwinamia sikioni, "Ndugu katibu, bado haijaamka." Katibu akaitazama ile mashine, akarudi kukaa na mikono mapajani kama mgeni aliyefika mapema. Tukangoja wote.

Sasa namna yake ya kujaribu sauti. Wengine wanahesabu moja mbili tatu. Fundi alisema kuhesabu hakuna maana, hakuna mtu atakayekujibu ukihesabu. Yeye alimtafuta kwa macho bibi mzee aliye mbali kuliko wote, labda anauza viazi ule mwisho wa soko, akamsalimia kwenye maikrofoni. Fundi alikuwa mtu wa Pwani, Mzaramo, Kisukuma chake kilikuwa neno moja, mwangaluka, nalo ni salamu ya asubuhi. Alilitumia hata jua likiwa linateremka. "Mwangaluka, mayu." Na yule mayu, yaani mama, hawezi kuvumilia. Anaacha viazi vyake, anasimama, anapiga kelele kutoka kule, "Mwadila," kumsahihisha kwamba ni mchana sasa. Soko zima linacheka. Fundi anageukia mashine, anasema, "Imefika."

Nilimwona akifanya hivyo miaka yote ile, nikidhani ni ujinga wa mtu wa Pwani. Baadaye ndipo nikawaza: mtu ukimsalimia vizuri anaweza kujibu moyoni na asikusumbue. Ukimsalimia vibaya lazima apaze sauti. Nilimuuliza kama alifanya makusudi. Akaniambia nisukutue, zamu yangu inakaribia.

Bendi nzima ilikuwa na watu wa kumtania, lakini mtani wake hasa alikuwa mpiga ngoma. Huyu alikuwa Msukuma wa Kishapu, mnene, mcheshi, mtu wa kuamini mambo. Na ninyi mnajua, Msukuma na Mzaramo wakikutana hapana heshima. Mpiga ngoma alisema watu wa Pwani wanaogopa jua ndiyo maana mtani wake anajificha nyuma ya sanduku. Fundi akajibu polepole kwamba ni heri yeye anayeogopa jua, kuna watu wanaogopa sabuni. Wakikaa kula, mpiga ngoma anamnyang'anya nyama, Fundi anamnyang'anya kiti. Nilipougua malaria, hao wawili ndio walionibeba, wakigombana njia nzima nani ameshika upande mzito.

Jambo lililomuudhi zaidi mwenye bendi ni ukarimu wa Fundi kwa mali isiyo yake. Pakiwa na msiba, honi zimekwenda msibani. Mabwana mifugo wakitaka kutangaza siku ya josho, honi zimefungwa juu ya baiskeli, Fundi anatembea nyuma yake na tai, betri kwenye kiti, akiwaambia watu kwa sauti ya upole walete ng'ombe waoshwe kupe. Mwenye bendi aliapa kwamba akirudi atamfukuza. Akirudi, mke wa mwenye bendi ameshamwekea chakula, maana Fundi ndiye aliyetangaza msiba wa mama yake. Mambo yanaahirishwa.

Lakini mwaka mmoja hayakuahirishika. Bendi moja ya Mwanza ilikuwa imenunua vyombo vipya: masanduku marefu kama kabati, yana nguvu, yana jenereta yake. Walipita Shinyanga wakapiga bugi, lile dansi la mchana wa Jumapili, na kioo cha dirisha la baa ya jirani kikatetemeka. Mwenye bendi alisimama mbele ya masanduku yale kifua kinamdunda, nikamwona machozi ya furaha. Akatuita. Akasema baada ya mavuno tunakutana nao Kishapu, uwanjani, kwa mtindo wa kwetu. Tukishindwa, atanunua masanduku, na Fundi atakwenda na honi zake popote panapotaka honi. Aliyasema mbele ya Fundi mwenyewe. Fundi alikuwa anafuta maikrofoni.

Mtindo wa kwetu ni huu. Usukumani ngoma mbili hazipokezani. Zinapiga wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watu wanakwenda wanakopenda. Hakuna mwamuzi. Jua likielekea kuzama unatazama umati uko wapi, basi, mshindi umemwona. Ndivyo ngoma za wazee zilivyoshindana, na kwa sababu hiyo kila ngoma ilikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, inayopakwa kwenye ngozi kabla ya kuanza. Hata mtu msomi wa kwetu, siku ya mashindano, hakuruhusu ngoma yake ipande uwanjani haijaoshwa dawa.

Tukafika Kishapu. Pamba imeuzwa, watu wana nguo mpya, ng'ombe wako mnadani, vumbi na vicheko. Wale wa Mwanza wakapanga makabati yao. Sisi tukasimamisha honi zetu mbili juu ya mapipa, watoto wakauliza kama tumekuja kutangaza josho. Fundi akawasha mashine mapema ili iamke vizuri, akaifunika kwa khanga kuikinga na vumbi, akaenda msikitini kuswali adhuhuri.

Aliporudi alimkuta mpiga ngoma amesimama karibu na mashine na kibuyu mkononi, anatoka jasho. Mashine inatoa moshi mwembamba. Sisi wengine tulikuwa tumeshafika kwa kusikia mlio, kitu kama yai linalopasuka kwenye moto.

"Umefanya nini, mtani?" Fundi akauliza.

"Nimeiosha."

"Umeiosha nini?"

"Dawa. Nilianza na ngoma zangu, nikaenda magitaa, nikaona nisiibague." Akakiinua kibuyu tukione. "Mganga alisema chombo chochote kinachotoa sauti. Nilifanya kwa ajili yako, Fundi. Usifukuzwe."

Dawa ilikuwa ya baridi, imelala mtungini. Valvu zilikuwa za moto. Kioo kikapasuka, kimoja, na hicho kimoja kilitosha. Mwenye bendi alikuwa anakuja, tumeiona kofia yake. Ng'ambo, jenereta ya Mwanza imeshaanza kunguruma.

Nilidhani Fundi atampiga. Mimi ningempiga. Fundi alikaa kwenye gunia lake na suruali yake ya pasi, akakitazama kile kibuyu.

"Dawa imebaki?"

"Kidogo."

"Basi zimwagie na honi, usinionee mashine peke yake."

Akaanza kucheka. Hatukuwahi kumsikia akicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, kinatoka puani kama sauti ya honi zake. Mpiga ngoma akaanza kucheka na yeye huku analia. Kisha Fundi akainuka, akatoa bisibisi, akazifungua honi kwa nyuma, akavitoa vile vidude vya umeme vinavyotoa sauti, zikabaki bati tupu, tarumbeta tu, wazi huku na wazi kule. Akazipindua: zilikuwa zinawatazama wale wa Mwanza kama watu wanaotaka ugomvi, yeye akazielekeza mnadani, kwa wenye ng'ombe, upepo uko mgongoni. Akaniita.

"Weka mdomo hapa nyuma. Imba zile za kulimia. Acha dansi leo."

Nikamwambia siwezi kuimba kwenye bomba kama kichaa. Akaniambia wala dagaa siulizi leo, imba.

Nikaimba. Mwimbaji mwenzangu akashika honi ya pili. Mpiga gitaa hakuwa na kazi, akapewa manyanga. Tuliimba nyimbo za kulimia pamba, zile ambazo mmoja anatupa neno na wengine wanalidaka, na kila mtu pale uwanjani alikuwa amezilimia tangu utoto wake. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa ndefu. Ilikwenda mpaka mnadani, na kule mzee mmoja mwenye fimbo, amegeukia ng'ombe wake, akaitikia bila kugeuka. Wa pembeni yake akaitikia. Kisha wanawake wa maziwa. Kuisikia vizuri ilibidi usogee, na ukishasogea unaimba, na ukiimba, wa nyuma yako anakusikia wewe, naye anasogea. Sikujua tena nani anapaza sauti ya nani.

Kwa wale wa Mwanza palikuwa na sauti ya kutikisa meno. Walipiga vizuri, sitawaonea. Vijana walikaa kwao sana mwanzoni. Lakini huwezi kumwitikia mtu anayekuzidi nguvu namna ile, unaweza kusikiliza tu, na Msukuma aliyeuza pamba hajaja uwanjani kusikiliza. Wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta maji. Jua lilipoelekea chini, wapiga magitaa wa Mwanza walikuwa wameweka vyombo chini, wako kwetu, wanaitikia.

Mwenye bendi alisimama kwenye pipa akautazama umati, mdomo wazi. Akashuka, akamwendea Fundi, akamshika bega. Nilisogea kusikia, maana ni nafasi ya mtu iliyokuwa inaamuliwa.

"Fundi, utabaki," akasema. "Lakini kila mashindano, vyombo vioshwe dawa."

Mpiga ngoma akavimba kifua.

"Honi mwagieni mnachotaka, hata mtindi," Fundi akasema. "Mashine ni mwiko."

Wakakubaliana. Mpaka leo ukienda Kishapu utasikia kwamba siku ile ilishinda dawa. Mimi sibishani na watu wa Kishapu.

Valvu mpya haikupatikana mjini. Kulikuwa na mzee mmoja Mhindi, fundi wa redio, ambaye Fundi aligombana naye kila Jumamosi juu ya chai: mmoja anasema tangawizi nyingi, mwingine anasema kidogo. Fundi alipompelekea kile kioo kilichopasuka, yule mzee aliingia ndani, akaitoa valvu kwenye redio yake ya nyumbani, akaileta. Fundi akamuuliza atasikilizaje taarifa ya habari. Mzee akasema, "Utakuja wewe kunihadithia." Na kweli, kila siku jioni Fundi alikwenda na tai yake akamsomea habari alizosikia kwa jirani, kwa sauti ya kutangaza sinema. Wakanywa chai. Wakagombana.

Bendi ilikufa baada ya vita vya mwisho wa miaka ya sabini, mafuta yalipokuwa hayapatikani na watu wakaanza kupenda disko. Mwenye bendi alitaka kuuza vyombo kwa kweli safari hii. Hakuna aliyevitaka. Akamwambia Fundi achukue. Fundi akapakia mkokoteni, akakaa juu, akaondoka, na mimi sikumwona tena kwa miaka. Nilikuwa nahangaika na yangu. Nikapata lori kuukuu, nikalifufua, likazaa lingine, nikafungua duka Isaka pale stesheni. Sikupewa na mtu.

Jumapili moja, mchana, nilikuwa nimepeleka unga machimboni, mbele ya Runzewe, kule wanakochimba dhahabu. Nimeshuka kwenye lori, nikasikia sauti imebanwa puani ikitokea juu ya mabanda: "Mwenye mbuzi mweupe, mbuzi wako ameingia kwenye duara la watu. Njoo umtoe kabla hajawa mchuzi." Duara ndilo jina lao la shimo la kuchimbia. Miguu yangu ilikwenda yenyewe.

Alikuwa amekaa nyuma ya mashine, chini ya turubai, mvi zimejaa, tai iko pale pale. Mbele yake vijana wa machimbo, udongo mwekundu mpaka masikioni, wanaweka sawa magitaa. Watu wamejaa wanangoja bugi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenenepa."

Nikakaa karibu naye, nikamweleza niliyokuwa nimeyafikiria toka kwenye lori. Kwamba nina duka Isaka, nina chumba cha nyuma, redio za kutengeneza ziko tele, kivuli kipo, chakula kipo, na kwamba katika ukubwa wangu sitakubali mtu kama yeye akae kwenye vumbi. Nilisema kwa sauti ya kutosha, wasikie na vijana.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umekuja kuniajiri?"

"Ndiyo."

"Tumegongana basi. Mimi natafuta mwimbaji. Niliyenaye kashuka kwenye duara, hapandi mpaka kesho." Akanisogezea maikrofoni, imezimwa. "Imba kidogo, nikusikie."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Vijana wakageuka kunitazama. Nikaimba ubeti mmoja, kavu kavu, mbele ya watu wanaonipa heshima kwa sababu ya unga wangu. Aliinamisha sikio.

"Juu imekwisha," akasema. "Chini ipo bado. Kaa pale na wenzako. Wimbo wa tatu nitakuita, kama utanifaa."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nikae mahali kwa miaka mingi. Nilitazama pale alipoonyesha: dumu la mafuta limelazwa, na kijana mwenye manyanga amekaa nusu yake. Utingo wangu akaja mbio kuniuliza, bosi, tushushe unga au tungoje. Nikamwambia ashushe mwenyewe, mimi niko kazini.

Nikakaa kwenye lile dumu. Yule kijana akasogea kunipa nafasi, akaniangalia viatu, na wimbo wa kwanza ulipokwisha akaniuliza kwa adabu kama na mimi, mzee, nimekuja kutafuta kazi kwa Mwenye Mitambo. Nikamwambia ndiyo, na anyamaze, wimbo wa pili umeshaanza.